Neno "Toy" na Visawe Vyake: Kwa Nini Mwanasesere Peke Yake Hatoshi

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, katika mtihani wa somo la tafsiri, niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kifungu kifupi cha Kiingereza kuhusu mvulana wa kijijini aliyejitengenezea "toy car" kwa waya na vizibo vya soda. Mwanafunzi mmoja kutoka magharibi mwa Uganda aliandika hivi: "Mvulana alijitengenezea gari la waya, magurudumu yake yakiwa ni vizibo vya soda." Nilimkata alama mbili. Mwongozo wangu wa kusahihishia ulidai "mwanasesere wa gari", na neno mwanasesere halikuwamo katika jibu lake. Alipokuja ofisini na karatasi yake mkononi, aliniuliza kwa adabu: "Samahani, Mwalimu. Hilo gari la waya, kuna mtu angedhani ni la kupanda?" Nilimjibu kwamba mwongozo ni mwongozo. Akashukuru, akaenda zake.

Alama zile sikuzirudisha. Leo, baada ya kulifundisha somo hilo kwa miaka mingi, nakiri kwamba mwanafunzi alikuwa sahihi na mwongozo ndio uliokosea. Kwa hiyo makala haya yanaanza kwa kujikosoa mwenyewe kabla ya kukosoa mazoea yetu sote tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambazo Kiingereza ndicho kilichotangulia darasani.

Mazoea ninayoyakosoa ni yale ya kisawe kimoja. Tunampa mwanafunzi orodha ya msamiati yenye safu mbili, Kiingereza upande huu na Kiswahili upande ule, kisha tunamtarajia aitumie orodha hiyo kama sarafu za kubadilishana dukani. Neno "toy" ni mfano mzuri wa hasara ya mazoea hayo. Ni neno fupi, linajulikana na kila mtoto anayesoma Kiingereza, na kwa sababu hiyo hatulitilii shaka. Hoja yangu ni kwamba hakuna kitu kinachoitwa "Kiswahili cha toy". Zipo kazi nne ambazo neno hilo huzifanya katika Kiingereza cha kila siku, na Kiswahili kina njia yake kwa kila kazi.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaliona jambo hili kuwa dogo. Hata hivyo, mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hatua hiyo inahitaji watu wa kufasiri vitabu vya watoto, vijikaratasi vya afya, maelezo ya bidhaa na maneno ya mashahidi mahakamani. Watu hao ni hawa tunaowasahihishia karatasi.

2. Safari ya neno katika Kiingereza chenyewe

Ni vyema kuanza nyumbani kwa neno. Asili ya "toy" katika Kiingereza haijulikani kwa uhakika, lakini historia ya matumizi yake inaeleweka vya kutosha. Kabla halijashikamana na watoto, neno hilo lilihusu mchezo wa mapenzi, mzaha, na kitu au jambo lisilo na uzito. Maana ya kitu cha mtoto kuchezea ilijitokeza wazi mwishoni mwa karne ya 16. Ndiyo maana Shakespeare, katika tamthilia ya Macbeth, anaweza kulitia neno hilo kinywani mwa mhusika wake mara tu baada ya mfalme kuuawa. Pale hakuna mtoto wala chombo chake cha mchezo. Mhusika anasema kwamba tangu sasa mambo yote ya duniani ni upuuzi mtupu. Tamthilia hiyo ilifasiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Nawashauri wanafunzi wa tafsiri waisome, kisha wajiulize: mfasiri akiandika "wanasesere" mahali hapo, msomaji ataelewa nini?

Mfano wa pili ni wa mji wa Birmingham. Katika karne ya 18 mji huo wa Uingereza ulisifika kwa biashara iliyoitwa kwa neno hilihili. Bidhaa zenyewe zilikuwa vifungo vya nguo, bakoli za viatu, visanduku vya ugoro na vikorokoro vingine vidogo vya madini, vyote vya watu wazima. Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho karibu na Birmingham, alianza kwa biashara hiyo kabla hajashirikiana na James Watt katika injini za mvuke. Mwanafunzi wa historia akimwita Boulton "mtengenezaji wa wanasesere" atakuwa amemvisha mzee wa watu nguo isiyo yake.

Tunajifunza kwamba neno hili halikuzaliwa kutokana na kitenzi cha kucheza. Kifaransa kina "jouet", na mzungumzaji anaona mara moja kwamba limetoka katika kitenzi "jouer", yaani kucheza. "Toy" halina uhusiano wa namna hiyo. Kwa kuwa halikufungwa na kitenzi, limetangatanga kutoka mzaha hadi kikorokoro, na kutoka kikorokoro hadi gari la plastiki la mtoto. Kiswahili, kama tutakavyoona, kimefuata njia nyingine kabisa.

3. Kazi ya kwanza: kitu cha mtoto

Tuanze na mwanasesere mwenyewe. Mwanasesere ni mtoto wa bandia: ana kichwa, ana mikono, huvishwa nguo, hubebwa mgongoni na kulazwa. Ni umbo la mtu. Neno mdoli, lililotoholewa kutoka Kiingereza, lilianzia hapohapo, ingawa katika mazungumzo ya watu wengi Tanzania midoli imepanuka hadi kujumuisha wanyama wa manyoya na hata vitu vingine vya watoto. Upanuzi huo ni wa kawaida katika lugha na siupingi. Ninachopinga ni mwalimu kuufanya sheria, akalazimisha mpira, gololi na tiara viitwe wanasesere kwa sababu tu Kiingereza kimeviweka katika kapu moja.

Kiswahili kina jina la kila kimoja. Mtoto huzungusha pia, hurusha tiara au kishada, hucheza gololi, hupiga ndege kwa manati, huendesha gari la waya. Huku kwetu Uganda hucheza mpira wa majani makavu ya mgomba, na dada yake hutumia majani hayohayo kumsuka mwanasesere. Majina haya yalitosha kwa muda mrefu kwa sababu vitu vyenyewe vilitengenezwa kimoja kimoja na watoto wenyewe. Haja ya jina la jumla huja pale vitu vinapopangwa pamoja kwenye rafu ya duka vikiwa na bei.

Haja hiyo imeshafika, na Kiswahili kina jibu lake. Jibu la kawaida ni "kitu cha kuchezea", wingi "vitu vya kuchezea". Jibu fupi zaidi ni kichezeo, wingi vichezeo. Neno hili la pili halitumiki sana darasani, nami nalitetea kwa sababu limeundwa kwa kanuni inayojulikana. Chukua kitenzi, kiweke katika kauli ya kutendea, kipe kiambishi cha ngeli ya KI-VI mwanzoni na irabu -o mwishoni. Shika hutupa shikia, na kishikio. Kaa hutupa kalia, na kikalio. Chuja hutupa chujia, na kichujio. Cheza hutupa chezea, na kichezeo. Mwanafunzi aliyeielewa kanuni hii hahitaji kukariri.

Hapa ndipo wanafunzi wetu wa nchi hizi wana faida ambayo hatuitumii. Msemaji wa Kinyarwanda au Kirundi ana neno igikinisho, lililotokana na gukina, yaani kucheza, kupitia gukinisha. Msemaji wa Kiganda husema eky'okuzannyisa, kutokana na okuzannya. Lugha zote hizi zimefanya kile kilichofanywa na Kiswahili: zimeanza na kitenzi. Tofauti ni moja tu. Lugha hizo zimetumia mnyambuliko wa -ish- au -is-, wakati Kiswahili kimetumia -e-. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayozaa kosa ninalolikuta kila mwaka: "kitu cha kuchezesha". Mwanafunzi amefikiri kwa Kiganda au Kinyarwanda, akafuata mantiki ya lugha mama yake, akatua mahali pasipofaa. Katika Kiswahili, mwamuzi ndiye huchezesha mechi, na mama humchezesha mtoto mapajani. Kitu hakichezeshi mtu.

Tukimpigia mwanafunzi huyo alama ya kosa na kumwandikia "mwanasesere" pembeni, tumemnyima somo lote. Tumemtoa katika njia aliyokuwa ameikaribia kwa akili yake mwenyewe, tukamrudisha kwenye orodha ya kukariri.

4. Utata wa "kitu cha kuchezea watoto"

Kabla hatujaendelea, inafaa kuutazama usemi mwingine unaorudiwarudiwa katika fasili na maelezo: "kitu cha kuchezea watoto". Kila mtu anauelewa, na simlaumu anayeutumia nyumbani. Lakini mfasiri anapaswa kuuchunguza, kwa sababu una sura mbili.

Linganisha tungo hizi mbili. Ya kwanza: "nyumba ya kulala wageni". Wageni ndio wanaolala, ingawa wametajwa baada ya kitenzi. Ya pili: "kisu cha kukatia nyama". Nyama haikati chochote, inakatwa. Sasa tuulize: "kitu cha kuchezea watoto" kinafuata mfano upi? Kikifuata nyumba ya wageni, watoto wanacheza. Kikifuata kisu cha nyama, watoto wanachezewa. Kitenzi kulala hakina yambwa, kwa hiyo utata hautokei pale. Kuchezea kina yambwa, na tena ni kitenzi chenye upande wa giza: mtu akisema mtoto "amechezewa", msikilizaji hafikirii mpira wala gololi. Anafikiri habari ya kupeleka polisi.

Katika kijikaratasi kinachozungumzia ulinzi wa watoto, mpangilio huo wa maneno haufai kuachwa. Dawa yake ni nyepesi: "kitu cha mtoto kuchezea", au "kichezeo cha mtoto". Ukimtaja mtoto kabla ya kitenzi, umeshaonyesha nani anatenda.

5. Kazi ya pili: mfano wa kitu halisi

Katika Kiingereza, "toy" likitangulia nomino nyingine mara nyingi hubeba ujumbe kwamba kitu hicho si chenyewe hasa, ni mfano wake tu. Gari, bunduki, askari, simu: vyote vinaweza kutanguliwa na neno hilo. Kiswahili kina angalau njia tatu za kuifanya kazi hii.

Njia ya kwanza ni kueleza matumizi: gari la kuchezea, simu ya kuchezea. Njia ya pili ni kutaja kitu kimetengenezwa kwa nini: gari la waya, farasi wa mti, askari wa plastiki. Hapo malighafi yenyewe inatosha kumwarifu msomaji, na ndiyo njia aliyoitumia mwanafunzi wangu. Njia ya tatu ni kutumia bandia.

Neno bandia linahitaji uangalifu. Katika usemi wa mtoto wa bandia lina maana ya mfano wa mtoto, wala hakuna anayedanganywa. Lakini leo neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa noti bandia, dawa bandia na vyeti bandia, ambako kudanganya ndilo kusudi. Kwa hiyo tuwe waangalifu mbele ya silaha. Shahidi akisema kwa Kiingereza kwamba mtuhumiwa alikuwa na "toy gun", mkalimani ana uamuzi wa kufanya. "Bastola ya kuchezea" ni ile ya mtoto. "Bastola ya bandia" ni mfano wa bastola, na msikilizaji huwaza haraka mtu aliyekusudia kuwatisha wengine. Tena isichanganywe na gobore, ambalo hata likionekana duni hupiga na kuua. Mtu anaweza kufungwa au kuachiwa kutokana na uteuzi wa kivumishi. Katika hali kama hiyo mkalimani mwenye orodha ya kisawe kimoja ni hatari kuliko asiye na orodha.

Kiambishi cha udogo ki- nacho kina nafasi yake: kigari, kijumba, kijibwa. Lakini udogo katika Kiswahili mara nyingi huja na dharau. Kijibwa si mbwa mdogo tu. Ni mbwa asiyehesabiwa, na mtu akiitwa kijibwa cha mwingine ametukanwa. Kwa hiyo "toy dog", yaani mbwa wa mbegu ndogo anayefugwa ndani, hafai kuitwa kijibwa mbele ya mwenyewe, wala hafai kuitwa mbwa wa bandia kwa sababu anabweka na kula. Tumwite kwa maelezo: mbwa wa mbegu ndogo. Maelezo ya maneno manne yaliyo sahihi yana faida kuliko neno moja lililopotoka.

6. Kazi ya tatu: jambo lisilo na uzito

Kiingereza hulitumia neno hili pia kudunisha. Mtu akiliita jeshi fulani au kompyuta ya jirani yake "toy", anasema haina uwezo wa kutajwa. Wanafunzi wakifika hapa huandika "jeshi la wanasesere", na msomaji huwaza sinema ya katuni.

Kiswahili kina usemi unaoibeba kazi hii kikamilifu, na ambao sijapata kuuona katika orodha ya msamiati ya mwanafunzi yeyote: "cha mtoto". "Baridi ya Kampala ni cha mtoto mbele ya ile ya Kabale." "Mtihani wa jana ulikuwa cha mtoto." Tazameni muundo wake. Nomino kitu imeachwa, kimebaki kihusishi chenye upatanisho wa ngeli ya KI-VI, na kihusishi hicho hakibadiliki hata kama kinachozungumziwa ni baridi, mtihani au mvua. Kwa maneno mengine, Kiswahili kimetembea njia ileile iliyotembewa na Kiingereza, kutoka kitu cha mtoto hadi jambo dogo, ila kimeitembea kwa miguu yake chenyewe.

Kinyume chake pia kipo. "Kazi hii si mchezo." "Mlima huu si mchezo." Na katika kundi hilihili tunaweza kuwaweka watu wanaotumiwa na wengine kama vyombo. Kiongozi asiye na sauti yake huitwa kikaragosi au kibaraka. Kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri, ambaye Kiingereza humwita "toy boy", mitaa ya Dar es Salaam imeshampa majina: marioo, na siku hizi kibenteni. Majina hayo si ya kuandika katika ripoti ya ofisi, lakini katika mazungumzo ya riwaya yanamfaa mhusika kuliko tafsiri yoyote ya neno kwa neno.

7. Kazi ya nne: kitenzi

Mwisho, "toy" ni kitenzi. Mtu huweza kufanya hivyo na chakula chake, na wazo, au na moyo wa mwenzake. Hapa Kiswahili kiko nyumbani, kwa sababu tangu mwanzo kilishika kitenzi. Kuchezea ndilo neno, lakini si kila mahali.

Mtoto asiye na njaa huchezeachezea chakula. Uradidi wa kitenzi unaonyesha tendo linalorudiwa bila nia ya kulimaliza, kama katika shikashika na gusagusa. Mtu mwenye wazo la kuhama mji hachezei wazo. Hulizungusha kichwani, huligeuzageuza, au hufikirifikiri bila kuamua. "Kuchezea wazo" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kwa upande mwingine, kuchezea hisia za mtu, kumchezea mtu shere, na kumchezea msichana kisha kumwacha, ni matumizi yaliyokomaa katika Kiswahili, na uzito wake ni mkubwa kuliko ule wa Kiingereza. Yanabeba lawama.

Wahenga nao waliutambua uzito huo. Mchezea zuri, baya humfika. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Na mitaani Tanzania huonywa: chezea mshahara, usichezee kazi. Methali ya mtoto akililia wembe mpe haina neno la kucheza ndani yake, lakini inatufundisha jambo kuhusu mada yetu: wembe si kichezeo, ila mtoto anaweza kuufanya kichezeo. Katika Kiswahili, kitu huwa cha kuchezea kwa sababu ya tendo linalofanywa nacho, wala si kwa sababu kimenunuliwa katika rafu fulani.

8. Tunajifunza nini darasani?

Mhitimu wetu mmoja alinisimulia kisa kilichonifanya niandike makala haya. Alipewa kazi ya kufasiri kijikaratasi cha afya kuhusu utunzaji wa dawa majumbani. Sentensi moja ya Kiingereza ilionya kwamba dawa si "toy". Aliandika, kama tulivyomfundisha: "Dawa si mwanasesere." Kijikaratasi kilipojaribiwa kwa kikundi cha akina mama huko Arua, walicheka. Bibi mmoja aliuliza, "Kwani nani amesema dawa ni mtoto wa bandia?" Kisha akatoa tafsiri yake bila kuombwa: "Semeni tu, dawa si ya kuchezea."

Sentensi ya bibi yule inastahili kuchambuliwa darasani. "Dawa si ya kuchezea" inasema mambo mawili kwa wakati mmoja. Inasema mtoto asipewe chupa ya dawa aichezee. Inasema pia kwamba dawa ni jambo zito, haifanyiwi mzaha, kama tunavyosema simba si wa kuchezea. Maana zote mbili zimo katika onyo la Kiingereza, na zote zimevuka salama kwa maneno manne. "Dawa si mwanasesere" haikuvusha hata moja. Dawa za watoto nyingi zina ladha tamu, na mama aliyebaki akicheka hajaonywa.

Mhitimu yule hakuwa mzembe. Alifanya hasa kile nilichomtuza alama kwa kukifanya.

Kutokana na hayo, napendekeza mambo matatu kwa wenzangu. Kwanza, katika somo la tafsiri tuache kuuliza "Neno hili kwa Kiswahili ni nini?" Badala yake tuulize "Neno hili linafanya kazi gani katika sentensi hii?" Pili, miongozo ya kusahihishia iorodheshe majibu kadhaa yanayokubalika, na msahihishaji apewe ruhusa ya kukubali jibu ambalo halimo ikiwa linafanya kazi iliyotakiwa. Tatu, tuwape wanafunzi zoezi la kulinganisha mnyambuliko wa vitenzi katika Kiswahili na katika lugha zao za kwanza. Mwanafunzi anayejua kwa nini igikinisho kina -ish- na kichezeo kina -e- hatasema tena "kitu cha kuchezesha".

9. Hitimisho

Katika makala haya tumeona kwamba neno "toy" lina kazi nne katika Kiingereza, na kwamba mwanasesere anaweza kubeba sehemu ndogo tu ya kazi ya kwanza. Tumeona pia kwamba Kiswahili hakina upungufu wa kuzibeba nyingine. Upungufu uko katika orodha zetu.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anahitaji neno moja la kuanzia, na kwamba kumpa manne ni kumchanganya. Hoja hiyo ina uzito, nami nakubali aanze na moja. Lakini basi liwe "kitu cha kuchezea", maana hilo litamfungulia mlango wa kitenzi na yote yaliyomo ndani. Mwanasesere asubiri zamu yake. Wenye maoni tofauti wanakaribishwa kuyaleta katika toleo lijalo.

Na mwanafunzi wangu wa gari la waya, popote alipo, ajue kwamba ananidai alama mbili.